Kuku Wako Wanapigana Wakati wa Kula?



Kwa kawaida katika ukurasa huu tunazungumza juu ya homa za watoto, kunyonyesha, usafi wa maji na mambo mengine ya afya ya nyumba. Mwezi huu nimeona vema tutoke nje ya mlango wa jiko kidogo, tuende bandani. Akina mama kadhaa wa hapa Bungu wameniuliza jambo moja. Wanasema kuku wao wametulia mchana kutwa, lakini chakula kikishamwagwa tu, vita huanza. Mkubwa humdonoa mdogo kichwani, mwingine hutoka na upanga unaovuja damu, na yuko mmoja ambaye kila siku husimama pembeni akitazama wenzake wanakula. Mama mmoja amepoteza mitetea wawili kwa njia hiyo, wote waliliwa na wenzao wakiwa bado hai.

Pengine utajiuliza, muuguzi na ugomvi wa kuku vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Katika nyumba nyingi za huku milimani kuku ni mali ya mama. Yai ni chakula cha mtoto, na kuku mmoja akiuzwa mnadani au Korogwe mjini huleta daftari, sabuni, au nauli ya kwenda hospitali. Kuku asiyekula hatagi, na kuku aliyejeruhiwa hauziki. Tena, kama tutakavyoona mbele, kuku anayesimama pembeni anaweza kutufundisha jambo juu ya watoto wetu wenyewe.

Kwa nini wanapigana?

Jambo la kwanza ambalo yatupasa kulifahamu ni kwamba kuku hawaishi ovyo ovyo. Kila kundi lina utaratibu wake wa nani mkubwa na nani mdogo. Mtu wa kwanza kuueleza utaratibu huu kitaalamu alikuwa Thorleif Schjelderup-Ebbe wa nchi ya Norway, ambaye tangu utotoni alipenda kukaa na kuku na kuandika tabia zao. Mwaka 1922 alitoa maandishi yake akionyesha kwamba kuku wa kwanza huwadonoa wote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa kwanza, na kadhalika mpaka kufikia yule wa mwisho, ambaye hudonolewa na kila mmoja naye hana wa kumdonoa.

Utaratibu huu si mbaya. Kwa kweli ndio unaoleta amani. Kuku wakishajuana, mdogo humpisha mkubwa bila kupigana, na damu haimwagiki. Vita huzuka pale utaratibu unapovurugika, au pale ambapo mdogo anataka kupisha lakini hana pa kwenda. Hapo ndipo wakati wa chakula huwa mbaya kuliko nyakati zote, kwa sababu wote wanataka kitu kimoja, mahali pamoja, na kwa dakika zile zile.

Wala tusidhani ni kuku peke yao. Tazama mijusi kafiri ukutani karibu na taa usiku. Yule mkubwa akishashika mahali ambapo wadudu wanakuja, mdogo akisogea hufukuzwa, na pengine hukatwa mkia. Wako watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga mijusi ya namna hiyo katika masanduku ya vioo kama sisi tunavyofuga paka. Hata yule mjusi mdogo wa msitu wa Kimboza kule Morogoro, ambaye dume lake lina rangi ya buluu ya kupendeza, alikuwa akisafirishwa nje kwa wingi kwa kazi hiyo, mpaka biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku kuanzia mwaka 2017. Na wafugaji hao nao hulalamika kama ninyi: mijusi wawili katika sanduku moja hugombania chakula mpaka mmoja akonde au ajeruhiwe. Dawa yao ni kumpa kila mmoja chakula chake mahali pake, na wasiposikilizana kabisa, kuwatenganisha. Ukilielewa neno hilo, umekwisha kuelewa nusu ya yale nitakayosema juu ya kuku.

Tazama kwanza, kabla hujatenda

Mgonjwa akija zahanati hatumpi dawa kabla ya kumtazama. Fanya hivyo hivyo bandani. Asubuhi moja weka chakula kama kawaida, kisha simama mbali kidogo kwa dakika 10. Usiwafukuze wala usiwaamue. Tazama mambo haya:

Je, anayepiga ni mmoja tu siku zote, au wanapigana wote? Je, anayepigwa anakimbia na kuachwa, au anafuatwa mpaka kwenye kona? Wanadonoana kichwani, au wanang'oana manyoya mgongoni na mkiani? Na je, yuko kuku ambaye kwa dakika zote hizo hakupata hata punje?

Kudonoa kichwani mara moja na kuacha ni kukumbushana ukubwa tu, hakuna haja ya kuogopa. Kumfuata mwenzake mpaka kwenye kona kunaonyesha kwamba nafasi haitoshi. Kung'oana manyoya na kuyala huonyesha mara nyingi kwamba chakula chenyewe kina upungufu, au kuku wamebanwa na hawana kazi ya kufanya. Na ukiona damu, hiyo ni haraka, kwa maana kuku huvutwa na rangi nyekundu. Kidonda kidogo asubuhi chaweza kuwa kifo jioni.

Usisahau kwamba kuku hupukutisha manyoya ya zamani na kuotesha mapya, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Huyo hana kidonda wala hajapigwa. Vile vile washike wachache na kufunua manyoya chini ya mabawa na karibu na sehemu ya kutagia. Wakiwa na chawa au utitiri watajidonoa wenyewe na kudonoana. Waandalie shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu waogee, safisha banda, na kama wadudu ni wengi, muulize bwana mifugo dawa inayofaa.

Nafasi ya kulia

Sababu kubwa ninayoiona katika nyumba zetu ni chombo kimoja cha chakula. Mama ana kuku 15, na chombo ni sufuria moja iliyotoboka. Hapo wanakula watano wenye nguvu, wengine wanangoja mabaki.

Kuku mkubwa mmoja anahitaji upana wa kama sentimeta 10 kwenye chombo cha kulia, yaani upana wa kiganja chako. Kwa hiyo kuku 15 wanahitaji sentimeta 150. Kama chombo ni kirefu na wanakula pande zote mbili, sentimeta 75 zinatosha. Twaweza kutengeneza chombo hicho bila gharama: mwanzi mnene uliopasuliwa katikati, au mbao tatu zilizopigiliwa, au dumu la mafuta lililokatwa ubavuni. Weka ufito juu yake kwa urefu wote ili kuku wasiingie ndani na kupekua chakula kwa miguu.

Lakini kilicho bora kuliko chombo kimoja kirefu ni vyombo viwili au vitatu vilivyowekwa mbalimbali. Kuku mkubwa hawezi kulinda mahali pawili kwa wakati mmoja. Kimoja kiweke mbele ya banda, kingine nyuma, ili anayekula huku asionekane na yule wa kule. Chakula cha kumwaga chini, kama punje za mahindi, usikirundike mahali pamoja. Kitawanye uwanja mzima. Jambo hili ni dogo, lakini mara nyingi peke yake hupunguza ugomvi siku hiyo hiyo.

Maji nayo ni vivyo hivyo. Kuku hunywa maji kama mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na wakati wa joto zaidi. Weka vyombo vya maji viwili, na usiviweke karibu sana na chakula, ili mkubwa asivitawale vyote kwa pamoja.

Ukiwafungia kuku bandani mchana kutwa, kuku wanne au watano kwa kila mita moja ya mraba ni kiasi kizuri. Wawekee vichanja vya kulalia, sentimeta 15 hadi 20 kwa kila kuku. Vichanja hivyo ni kimbilio la mnyonge wakati wa ugomvi hata mchana. Kwa kila mitetea wanne au watano weka kiota kimoja, nacho kiwe mahali penye giza kidogo, kwa sababu kuku akitaga mwangani wenzake huona sehemu ile nyekundu inayotokeza na kuidonoa. Na majogoo wasiwe wengi. Jogoo mmoja anatosha kwa mitetea wanane hadi kumi. Wa ziada ni mchuzi au ni pesa.

Saa ya chakula

Kuku aliyekaa na njaa tangu jana mchana hana adabu mezani. Wengi wetu huwapa kuku mabaki mara moja kwa siku, tena kwa saa zisizojulikana. Ni afadhali kugawa chakula kile kile mara mbili: kidogo asubuhi kabla hawajatoka kutafuta, na kilichobaki jioni kabla ya jua kutua. Chakula cha jioni kina faida nyingine, kwani huwafanya warudi nyumbani wenyewe, nawe huwahesabu wote kabla ya kicheche kuwahesabu.

Kama wamefungiwa, wape kazi ya kufanya. Funga fungu la mchicha, kabichi au majani ya viazi vitamu kwa kamba, ulining'inize kiasi cha kichwa chao. Watashinda wakiliruka na kulidonoa badala ya kudonoana, na majani hayo yatawapa vitamini A, nayo majani yenyewe pia hukifanya kiini cha yai kuwa na rangi nzuri.

Ubora wa chakula

Mama mwenzangu, mahindi matupu si chakula kamili cha kuku, kama vile ugali mtupu usivyo chakula kamili cha mtoto. Mahindi hutia nguvu, lakini mwili haujengwi nayo. Manyoya ya kuku yametengenezwa karibu yote kwa protini. Kuku anayekosa protini au chumvi huyatafuta madini na protini hizo mahali popote anapoweza kuzipata, na mahali pa karibu ni mgongo wa mwenzake.

Kuku wanaotembea hujipatia mchwa, minyoo na wadudu. Wanaofungiwa, au wakati wa kiangazi wadudu wanapopungua, hatuna budi kuwaongezea. Mchanganyiko mmoja ambao unaweza kuufanya nyumbani kwa kuku wanaotaga, kwa kilo 10, ni huu:

Mahindi yaliyoparazwa kilo 4. Pumba za mahindi kilo 2 na nusu. Mashudu ya alizeti kilo 2. Dagaa waliosagwa kilo 1. Chokaa ya mifugo nusu kilo. Na chumvi ya jikoni gramu 30.

Chumvi ipimwe vizuri na kuchanganywa sawasawa, kwa sababu ikizidi ni sumu kwa kuku. Kama dagaa ni wa chumvi, usiongeze nyingine. Chekecha dagaa kwanza, maana mara nyingi huja na mchanga mwingi. Mchanganyiko huu ni wa kuku wakubwa wanaotaga. Vifaranga wasipewe, kwani chokaa hiyo ni nyingi mno kwao.

Neno moja la tahadhari. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kuku ukidhani kwamba tumbo lao halidhuriki. Sumu ya ukungu huua kuku, hasa vifaranga, na hupunguza mayai. Na yale ambayo hayafai kwa kuku hayafai kwa watoto pia.

Mgeni bandani

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukinunua mtetea mnadani na kumwachia katikati ya kundi wakati wa kula, umemtia vitani. Hakuna anayemjua, na kila mmoja ataanza kumpima.

Kwanza, mtenge mbali kabisa na wenzake kwa muda wa wiki mbili au tatu. Hii ni kwa ajili ya magonjwa, hasa mdondo, ambao waweza kuingia na kuku mmoja na kumaliza kijiji. Chanjo yake ipo, ni ya matone ya jicho, tone moja kwa kila kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Shirikianeni majirani kuinunua, kwa sababu kichupa kimoja hutosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakiwekwi muda mrefu.

Baada ya hapo, mweke mgeni ndani ya tenga au wavu pembeni ya banda kwa siku chache, ili waonane bila kugusana. Kisha mwingize usiku, wakiwa wamekwisha kulala vichanjani, wakiamka wamkute tayari yupo. Asubuhi hiyo mwaga chakula kingi mahali pengi. Ni vizuri zaidi kuingiza wawili au watatu kwa pamoja kuliko mmoja, kwa maana mmoja hubeba kipigo chote peke yake. Ugomvi kidogo wa siku chache ni kawaida. Watulie wenyewe, ilmradi hakuna damu.

Vifaranga wale wapi?

Hasara yetu kubwa ni vifaranga. Kifaranga akienda kula pamoja na wakubwa hupigwa, hukanyagwa, au hubaki na njaa mpaka baridi ya masika ya huku milimani immalize. Dawa yake ni tenga. Geuza tenga la mianzi au tengeneza kizimba cha fito, uache nafasi kati ya fito moja na nyingine kiasi cha kumpitisha kifaranga lakini si mama yake. Weka chakula chao na maji ndani. Vifaranga wataingia na kutoka wapendavyo, nao wakubwa watabaki nje wakizunguka. Kwa chombo cha maji tumia kisahani chenye kina kidogo, utie vijiwe ndani, wasizame.

Aliyekwisha jeruhiwa

Mwondoe mara moja, usingoje jioni. Mweke peke yake mahali pakavu penye kivuli, na chakula na maji yake. Safisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yenye chumvi kidogo, kisha paka dawa ya iodini kutoka duka la mifugo. Wako wanaotumia ile dawa ya zambarau iliyozoeleka kupakwa midomoni mwa watoto. Nchi kadhaa sasa zimekataza isitumike kwa wanyama wanaoliwa, kwa hiyo ni bora tuiache. Usimrudishe mpaka kidonda kikauke kabisa, na siku ya kumrudisha mfanyie kama mgeni: aingie usiku.

Kama mchokozi ni mmoja tu, mtenge yeye kwa siku chache badala ya kumtenga anayepigwa. Akirudi atakuta nafasi yake imekwisha kuchukuliwa, naye huanza chini kwa adabu. Akiendelea bila kubadilika, wajua la kufanya Jumapili.

Kuna watu wanaoshauri kuku wakatwe ncha za midomo. Mdomo wa kuku si kama ukucha. Una mishipa ya fahamu, na kuukata kunaumiza. Norway, Sweden na Finland zimekataza jambo hilo. Kwa kundi dogo la nyumbani halina haja. Rekebisha nafasi na chakula, na midomo itatulia yenyewe.

Watoto na banda

Hapa nasema kama muuguzi. Anayekwenda kuwaamua kuku wanaopigana asiwe mtoto mdogo. Jogoo hupiga kwa kucha na kwa mdomo, na jicho la mtoto huwa karibu kwa urefu na mdomo wa jogoo. Mtoto akidonolewa jichoni apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, usitie maziwa wala dawa ya majani. Kidonda cha ngozi kioshwe vizuri kwa maji mengi na sabuni, na umwonyeshe mhudumu wa afya kadi yake ili ajue kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Kila atokaye bandani anawe mikono kwa sabuni. Kuku wasilale ndani tunamolala sisi, na mtoto anayetambaa asitambae penye vinyesi vya kuku, kwa sababu hupeleka vidole mdomoni na kupata magonjwa ya tumbo. Mayai yapikwe mpaka kiini kigande. Na kuku aliyekufa mwenyewe kwa ugonjwa azikwe au achomwe moto, asiliwe.

Yule anayesimama pembeni

Sasa tugeukie ndani ya nyumba. Nimesema kwamba katika kila kundi yuko mmoja ambaye husimama pembeni. Hapigi kelele, wala haonekani mgonjwa. Anakonda polepole tu, na mwenye kuku hushtuka siku anapomshika na kuhisi mfupa wa kifua kama kisu.

Katika kliniki ya watoto huwaona watoto wa namna hiyo. Mama anashangaa, anasema nyumbani chakula kipo, tena wanakula pamoja wote kwenye sinia moja. Na ni kweli chakula kipo. Lakini kwenye sinia hilo yuko kaka wa miaka 10, dada wa miaka saba, na mwingine wa miaka minne, na huyu wa mwaka mmoja na nusu. Mkubwa anamega matonge matano wakati mdogo anapuliza lake la kwanza lipoe. Mboga huisha mapema, na mdogo hubaki na ugali mkavu. Hakuna aliyempiga wala kumnyima. Hakupata nafasi tu, kama kuku wa mwisho kwenye sufuria.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Sababu ni nyingi, umaskini ukiwamo, na sinia peke yake halielezi yote. Lakini hili la sinia liko mikononi mwetu, wala halihitaji fedha.

Mpe mtoto mdogo sahani yake mwenyewe. Mpakulie kwanza, na mboga yake na kipande chake cha samaki, yai au maharage, ili ujue kwa macho yako amekula kiasi gani. Kaa naye, asiachiwe dada anayetaka kumaliza akacheze. Tangu anapotimiza miezi sita aanze chakula cha nyongeza mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, pamoja na maziwa ya mama mpaka miaka miwili au zaidi. Yai anaweza kula tangu miezi hiyo sita, limepikwa vizuri na kupondwa. Na kila mwezi umpeleke kupimwa uzito, kwa maana mstari kwenye kadi huona kabla ya jicho la mama. Mstari ukilala au kushuka, usingoje mwezi ujao.

Sinia la pamoja ni jambo jema katika desturi zetu, kwani linafundisha watoto kushirikiana na kungojana. Wakubwa waendelee nalo. Nasema tu kwamba mdogo aliye chini ya miaka mitatu hajawa na mkono wa kushindana, naye ana haki ya tenga lake, kama kifaranga.

Wala usimsahau mama mwenyewe. Katika nyumba nyingi anayesimama pembeni ni yeye, akigawa kwa wote na kula ukoko uliobaki, hata akiwa mjamzito au ananyonyesha. Bwana wa nyumba akisoma ukurasa huu, naomba jioni hii atazame sahani ya mkewe.

Basi, kesho asubuhi fanya hivi. Kabla ya kumwaga mahindi, tafuta chombo cha pili, ukiweke mbali na kile cha kwanza. Simama dakika zako 10, umtafute yule wa mwisho, uone kama amekula. Kisha ingia ndani, utazame sinia la watoto kwa jicho lile lile.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kikohozi cha watoto wakati wa baridi na moshi wa jikoni. Mwenye swali anipatie siku ya kliniki, au baada ya ibada, nami nitamjibu kadiri ya uwezo wangu.